Miezi saba na supamaketi mpya ya karibu na kwangu: mguu umepumzika, mkono ndo unapata tabu

Niseme wazi kabisa, mi hii supamaketi niliisubiri kama mkulima anavyosubiri mvua. Miaka yote niliyokaa huku ukitaka mboga za majani au tunda la maana ilibidi upande gari mbili, ushuke, utembee, urudi na mifuko inakukata vidole, afu ukifika nyumbani nusu ya vitu vimeshanyauka. Vilivyokuwa karibu ni viduka vya kwenye kona tu na vyote vinauza vitu vilevile, soda, biskuti, chipsi za pakiti, pipi, mikate myeupe. Kwa hiyo walivyoanza kujenga nilikuwa napita pale kila jioni kuangalia wamefikia wapi, na siku ya ufunguzi nilikuwa kwenye foleni asubuhi na mapema.

Sasa imepita miezi saba nimeona niandike mapitio ya kweli, sio yale ya wiki ya kwanza ambapo kila kitu kinang'aa. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Jina la duka sitalitaja kwa sababu ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye supamaketi karibu zote nilizowahi kuingia, na nadhani hata ya kwako ukiingia kesho ukaangalia vizuri utayakuta.

Na sababu yangu ya kuandika sio bidhaa kuharibika wala keshia mkorofi. Mwaka jana daktari aliniambia presha imepanda na BMI yangu, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, imevuka 30, na ukishavuka hapo kitaalamu unahesabiwa una kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Mama yangu ameishi na kisukari muda mrefu, hiyo njia naijua inakoelekea. Nikajiahidi duka likifunguliwa tu nabadilisha ninachokula, maana kisingizio cha umbali kitakuwa kimekwisha. Nikaanza kutunza risiti zote kwenye bahasha. Wiki kadhaa zilizopita nikazimwaga mezani, nikachukua kalamu mbili, ya kijani kwa mboga, matunda, kunde na samaki, nyekundu kwa soda, biskuti, chipsi na ndugu zao, nikawa napiga mstari kimoja kimoja.

Mwezi wa kwanza kijani kimejaa. Wa pili kimepungua. Kuanzia wa tatu mpaka siku ile nyekundu imeongezeka kuliko hata enzi za viduka vya kona, na mizani ilikuwa haijashuka hata kilo moja. Niliumia, kwa kweli. Nilikaa pale mezani nikajiona mtu asiye na nidhamu, niliyeletewa mboga mpaka mlangoni nikashindwa.

Ila nikaanza kusoma, na nilichokikuta kilinitoa kwenye kujilaumu kikaniweka kwenye kuangalia duka lenyewe. Kumbe haya yameshawahi kupimwa. Kule Philadelphia, Marekani, walifungua supamaketi kwenye mtaa ambao haukuwa nayo, watafiti wakawafuata wakazi kabla na baada, matokeo yakatoka mwaka 2014. Watu walisema sasa chakula kizuri wanakipata kwa urahisi zaidi, lakini ulaji wa mboga na matunda haukubadilika na BMI nayo haikubadilika. Utafiti mwingine mkubwa wa wachumi wa hukohuko Marekani, wa mwaka 2019, ulifuata manunuzi ya kaya nyingi sana na ukaona kwamba supamaketi ikifunguliwa karibu watu wanahamishia tu manunuzi yao pale kutoka supamaketi nyingine waliyokuwa wanaifuata mbali, kilichomo kwenye kikapu kinabaki karibu kilekile. Walipiga hesabu kwamba hata ukiwapa watu wa kipato cha chini bidhaa zilezile na bei zilezile za wenye nacho, pengo la lishe kati yao linapungua kwa karibu asilimia 10 tu.

Hapo ndo nikaelewa kuna umbali wa aina mbili. Kuna umbali wa mguu, kutoka kwako mpaka dukani, na huo hawa jamaa wameumaliza na nawashukuru. Afu kuna umbali wa mkono, kutoka ulipo umesimama na troli mpaka kwenye kitu unachokishika, na huo ndo hakuna anayeuongelea wakati wa kukata utepe. Mapitio yangu yanahusu huo wa pili.

Ukiingia mlangoni mkono wa kulia kuna matunda na mboga, zimepangwa vizuri, taa nzuri, zinamwagiwa maji kidogokidogo, hapo nawapa heko. Lakini katikati ya njia, yaani pale ambapo lazima troli ipite, kuna mlima wa soda wenye bango kubwa la ofa. Sio pembeni, katikati. Na nimejigundua kitu mi mwenyewe, nikishaweka mchicha na machungwa kwenye troli moyo unatulia, naona leo nimefanya vizuri, na mkono unakuwa mwepesi kwenye hicho kinachofuata. Sijui kwako, ila risiti zangu zinaonyesha siku nilizonunua mboga nyingi mwanzoni ndo siku hizohizo soda nayo imo.

Maziwa, mayai na mkate viko mwisho kabisa wa duka, kwenye kona tofauti. Hivi ni vitu ambavyo karibu kila mtu anavifuata, kwa hiyo ili uvipate lazima ukate duka zima, na ukilikata duka zima unapita mbele ya kila kitu. Kila njia ya shelfu ina kichwa chake, ile sehemu ya mwisho inayoangalia njia kuu, na hivyo vichwa nimevihesabu kwa kutembea taratibu siku mbili tofauti. Vyote kasoro kimoja vilikuwa na biskuti, chokoleti, vinywaji vya sukari au chipsi. Hicho kimoja kilikuwa na sabuni ya kufulia.

Watu wengi hawajui kwamba nafasi kwenye shelfu sio bahati nasibu. Kwenye biashara ya supamaketi ni jambo la kawaida kampuni za vyakula kulipia nafasi, walipie kuingia kwenye shelfu, walipie usawa wa macho, walipie kichwa cha njia. Kampuni kubwa ya vinywaji ina pesa ya kulipia. Mkulima wa maharage hana. Ndo maana maharage na dengu hapa ziko chini kabisa inabidi uchuchumae, na mama mtu mzima mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, wakati nafaka za asubuhi zilizojaa sukari, zile zenye katuni kwenye boksi, ziko usawa wa macho ya mtoto. Nilienda na mpwa wangu wa miaka mitano nikamwacha atembee mbele yangu bila kumwelekeza. Kila alichokiokota kilikuwa cha rangi kali na kilikuwa usawa wake. Huyu mtoto hajachagua, kachaguliwa na mtu aliyepanga shelfu akijua urefu wake.

Ofa sasa. Hapa ndo panaponiuma zaidi. Nimekaa miezi saba naangalia mabango ya "nunua mbili upate ya tatu bure" na sijawahi kuliona hata siku moja kwenye matunda, kwenye mboga wala kwenye kunde. Ni biskuti, ni soda, ni chipsi, ni aisikrimu. Na hiyo ya tatu ya bure haikai kabatini ikusubiri, inaliwa. Nilikuwa najidanganya kwamba nanunua ya mwezi mzima, kumbe kikiwa ndani kinaisha wiki hiyohiyo, na mabadiliko yanayobaki ni kwamba mdomo umezoea kingi. Kuhusu ukubwa wa pakiti na sahani ushahidi ni mwingi, watu wakiwekewa kikubwa wanakula zaidi, watoto kwa wakubwa kuna tofauti lakini mwelekeo ni huohuo.

Soda yenyewe tuiongelee kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ndo bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25 hivi, vijiko 6 vya chai. Soda nyingi za kawaida zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita inakaribia gramu 50. Chupa moja, ambayo unaimaliza unatembea kwenda kituoni, tayari umebeba mara mbili ya kile kiwango kizuri na hujala hata chakula bado.

Na ukitaka kujua hayo hapo dukani utahangaika. Lebo iko nyuma, maandishi madogo, imepangwa kwa safu za namba ambazo ukiwa na mtoto mkononi na foleni nyuma yako husomi. Chile walishaona hili, tangu mwaka 2016 pakiti yenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi inabeba alama nyeusi ya pembe nane mbele kabisa, hata asiyejua mambo ya lishe anaelewa, na hizo zenye alama haziruhusiwi kuuzwa shuleni wala kutangazwa kwa watoto. Katuni kwenye maboksi ya nafaka wakazipiga marufuku pia. Mi ninachokitaka kwenye duka langu ni kidogo kuliko hicho, ni kakadi kadogo tu kwenye shelfu pembeni ya bei, sukari ni gramu ngapi kwa pakiti nzima, basi.

Haya tufike kaunta ya malipo, maana hapa ndo kalamu nyekundu ilifanya kazi zaidi. Foleni ya jioni ni dakika 10 mpaka 15, kaunta ziko nane, zinazofanya kazi huwa tatu au nne. Umechoka, umetoka kazini, una njaa, umesimama, na pande zote mbili kuna chokoleti, pipi, karanga zenye sukari, soda baridi kwenye friji ndogo, vyote usawa wa kiuno, hata huhitaji kunyoosha mkono. Hujaja kununua chokoleti. Hukuipitia kule kwenye njia yake. Lakini dakika ya 8 ukiwa umesimama unaitazama, unaichukua, na kabla hujafika nyumbani imeshaliwa na huikumbuki. Nilipopiga mistari kwenye risiti niliona kitu cha mwisho kabisa kwenye orodha, kile kinachopigwa baada ya vingine vyote, mara nyingi sana ni hiki. Nisingekuwa na risiti ningebisha.

Uingereza waliwahi kuliangalia hili. Baadhi ya supamaketi kubwa ziliamua zenyewe kutoa pipi na chokoleti na chipsi kwenye kaunta, watafiti wakafuatilia, wakachapisha mwaka 2018 kwamba manunuzi ya vile vipakiti vidogo vya kubeba nyumbani yalishuka kwa asilimia 17 mara tu baada ya mabadiliko. Hakuna aliyefundishwa lishe pale, hakuna aliyekatazwa kununua, bidhaa ilikuwa bado imo dukani kwenye njia yake. Wamesogeza tu. Afu Oktoba 2022 ikaja kanuni ya England kwamba maduka makubwa hayaruhusiwi kuweka vyakula vya aina hizo vyenye mafuta, sukari na chumvi nyingi mlangoni, kwenye vichwa vya njia na kwenye kaunta. Mji wa Berkeley kule California ulishatangulia, sheria yao ya kaunta ilianza kufanya kazi Machi 2021. Kwa hiyo mtu akiniambia haiwezekani kibiashara, inawezekana, kuna maduka yanaishi hivyo leo.

Najua kuna watakaosema kila mtu ana akili yake, ukitaka soda kunywa ukitaka maji kunywa, duka halikulazimishi. Na mi sikatai kuna sehemu yangu. Lakini kuna jaribio moja nalipenda sana kwa sababu ni dogo na safi. Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 wakae hospitalini mwezi mzima, wiki mbili wanapewa vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula ambavyo havijasindikwa, na milo iliyowekwa mezani ilikuwa na kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana. Wakaambiwa kuleni mnachotaka mkishiba acheni. Kwenye wiki za vyakula vya kusindikwa watu walewale walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku, na wakaongezeka karibu kilo 0.9 kwa wiki mbili. Kwenye zile nyingine wakapungua kiasi hichohicho. Walichapisha mwaka 2019. Ni watu walewale jamani, nidhamu ileile, kilichobadilishwa ni kilichowekwa mbele yao. Nilivyosoma hiyo niliweka simu chini nikanyamaza muda mrefu, kwa sababu nilimkumbuka mama na jinsi tulivyokuwa tunamsema kwamba hajizuii.

Na tuko wengi. Hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 ni kwamba mtu 1 kati ya 8 duniani anaishi na kiribatumbo, na kwa watu wazima imezidi mara mbili tangu mwaka 1990. Haiwezekani dunia nzima ilipoteza nidhamu kwa pamoja kuanzia mwaka mmoja. Wataalamu kama Boyd Swinburn walishaanza kuyaita haya mazingira yanayonenepesha tangu miaka ya 1990, yaani mahali palipojengwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida akiishi tu kawaida ataongezeka uzito.

Ila nisiwe muongo nikaliangushia duka kila kitu. Ile asilimia 10 niliyoitaja juu inanikumbusha kuna mengine, mshahara, muda wa kupika, mazoea ya utotoni, uchovu. Na hata kuzuia peke yake hakutoshi. Los Angeles mwaka 2008 walizuia kufunguliwa migahawa mipya ya vyakula vya haraka inayosimama peke yake kwenye eneo la kusini la jiji, baadaye watafiti wakakuta unene uliendelea kupanda palepale, kwa sababu mikahawa iliyokuwepo ilibaki na iliyo ndani ya majengo ya biashara haikuguswa na sheria. Kwa upande mwingine kuna ule mpango wa Marekani wa miaka ya 1990 ambapo familia maskini zilipewa kwa kura nafasi ya kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo, na zaidi ya miaka 10 baadaye kina mama waliopewa hiyo nafasi, wenye kiribatumbo kikali na wenye kisukari walikuwa wachache kuliko kwa wale ambao hawakuipata. Hawakufundishwa kula. Walihamishwa mtaa. Huwezi kusema ni chakula tu, kuna usalama wa kutembea, kuna msongo wa mawazo, kuna mengi, lakini mtaa unaingia mwilini, hilo mi sina shaka nalo tena.

Niongelee na aplikesheni yao maana ni sehemu ya duka siku hizi. Kufanya kazi inafanya kazi, mzigo unafika, wanaoleta wana heshima, hapo sina neno. Ila ukiifungua skrini ya kwanza yote ni ofa za vitu vilevile vya vichwa vya njia, yaani wamehamisha mlango wa duka wakauweka kwenye simu. Ukitafuta neno "maji" la kwanza kuja ni kinywaji chenye sukari kilicholipiwa kikae juu. Na ile notifikesheni ya saa tatu usiku, wakati umeshakula umekaa, inakuja na picha ya aisikrimu na neno la kuletewa bure. Nimeizima. Kuizima kwenyewe ilinichukua muda kupata ilipofichwa. Umbali wa mguu hapo umekuwa sifuri kabisa, hata kuvaa viatu huhitaji, na umbali wa mkono ni kidole gumba. England kwenye ile kanuni yao waliingiza na kurasa za mtandaoni, nadhani waliona mbali.

Sasa mazuri, maana nyota tatu hazikutoka hewani. Dada wa sehemu ya mboga anaijua kazi yake kuliko mtu yeyote mle ndani, anakwambia hiki kimeingia leo hiki cha juzi, na ukimuuliza namna ya kukitunza anakueleza. Mboga zilizogandishwa wanazo za kutosha na zimenisaidia sana siku nikichelewa, hazinyauki, hazina haraka. Samaki ni safi. Maji ya kunywa ya bure wameweka kwenye mtungi karibu na mlango wa kutokea, kitu kidogo ila mtu mwenye kiu akinywa pale hanunui soda, nimejiona mwenyewe. Na wako wazi mpaka usiku, kwa mtu wa kazi za zamu hilo ni jambo kubwa sana, kabla ya hapo saa mbili usiku chakula pekee kilichokuwa wazi ni cha kukaangwa.

Mi mwenyewe nimebadilisha namna ya kuingia. Naingia nimekula, sio nimekula sana ila sina njaa. Napita ukuta wa nje wa duka, mboga, samaki, maziwa, mayai, naingia kwenye njia za katikati kwa kitu kilichoandikwa kwenye karatasi tu. Troli nimeacha nachukua kikapu cha mkononi, kikiwa kizito mkono unakataa wenyewe. Imesaidia, risiti za wiki tano za mwisho kijani kimeanza kurudi. Lakini hii ni kazi, kila siku ni kazi, kupigana na jengo lililopangwa na watu wanaolipwa kukushinda, na mtu aliyetoka zamu ya usiku na watoto wawili hana nguvu ya hiyo vita na hatakiwi kuwa nayo. Ndo maana sikuishia kwenye mbinu zangu.

Wiki mbili zilizopita nilienda na bahasha yangu nikaomba kumwona meneja wa tawi. Nilitegemea atanipa dakika mbili. Alikaa na mimi karibu nusu saa, tukazipanga risiti mezani kwake, nikamwonyesha vile vitu vya mwisho. Akaniambia ukweli, kwamba vichwa vya njia hana uwezo navyo, vimeshauzwa kutoka makao makuu kwa mikataba, hata yeye akitaka kuweka maembe pale hawezi. Mlima wa soda mlangoni hivyohivyo. Ofa zinatoka juu. Nilimwuliza basi wewe una uwezo na nini, akafikiri, akasema kaunta mbili kati ya nane hazina mkataba.

Nikamwomba moja. Nikamwambia toa pipi, toa kile kifriji, weka ndizi na machungwa na maji, afu linganisha mauzo yake na kaunta ya jirani, kama unapata hasara rudisha sitakuja tena kukusumbua.

Jumatatu hii nimepita. Kaunta namba tatu. Hawajaweka maji, ila ndizi zipo, pipi hazipo, kifriji kimesogezwa. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na watoto wawili, wadogo walikuwa wanacheza na mkono wa troli, hakuna aliyelia hakuna aliyeomba kitu, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kaunta namba nne. Nimempigia meneja kumwambia na maji asisahau.